Aliyemrudishia Mama Sauti

"Iachie hiyo waya, Melki! Udongo wa kaburi haujakauka, wewe umeshaanza kuchomoa?"

"Nichomoe nisichomoe, nachukua changu. Nani aliyeileta humu ndani hii kompyuta? Wewe?"

"Uliileta ikiwa boksi bovu."

"Boksi bovu! Hebu rudia, Pela. Hilo boksi bovu limekula baiskeli yangu. Wanangu wanalala na uji mtupu kwa ajili ya hilo boksi bovu."

"Kaka, iachie nimekwambia."

"Usipoangalia nitakuchomoa na wewe."

Pelagia alikuwa amelikumbatia boksi la kompyuta kifuani kama mtu anayemshikilia mtoto asinyang'anywe. Melki, kaka yake, alikuwa ameivuta waya mpaka imenyooka kati yao. Chumba kilikuwa cha marehemu mama yao, Yustina, na siku yenyewe ilikuwa ya kuanua matanga, siku ambayo msiba unafungwa na vitu vya marehemu vinagawanywa. Vitenge vilikuwa vimeshapata wenyewe. Masufuria yalikwenda kwa mke wa Melki, godoro likaenda kwa jirani aliyemwosha marehemu. Kilichobaki kilikuwa hiyo kompyuta ya mezani, kuukuu, yenye mikwaruzo ubavuni, na hiyo ndiyo pekee ambayo marehemu aliiachia usia. Alisema kabla hajakata roho: "Kompyuta apewe aliyenirudishia sauti."

Jina hakutaja.

Sasa wajueni hawa watu, maana kila mmoja alijaliwa lake.

Melki, mzaliwa wa kwanza, alijaliwa jicho. Mpitishe kwenye lundo la takataka ambalo watu wote wamelipita, yeye atainama na kuinuka na pasi inayowaka, au mwamvuli unaokosa kijiti kimoja tu. Shule ilimshinda mapema, kusoma anasoma kwa kubahatisha, lakini kitu kizima ndani ya vibovu hakimpiti.

Yeremia, mtoto wa marehemu dada yake Yustina, alijaliwa mkono. Alilelewa katika nyumba hiyo hiyo tangu hajaota meno, naye alimwita Yustina mama kama wenzake. Ana kibanda cha kutengeneza simu karibu na stendi. Mletee simu iliyotumbukia kwenye ndoo ya maji, ataifungua, ataipuliza, ataisemesha, na mara nyingi itaitika.

Pelagia, kitinda mimba, alijaliwa kung'ang'ania. Alikuwa kidato cha pili mama alipoanza kuugua, na kwa kuwa mtu wa kumuuguza hakuwepo, sare ikakunjwa ikawekwa chini ya godoro. Tangu hapo anasoma chochote kinachokatiza mbele yake: karatasi za ndani ya maboksi ya dawa, magazeti yaliyofungia dagaa, maandishi ya nyuma ya mifuko ya saruji. Asipoelewa hurudia. Asipoelewa tena hurudia tena, mpaka yale maneno yachoke yenyewe na kumwambia yanachotaka kusema.

Na Yustina mwenyewe alikuwa nani? Alikuwa mnadi wa mitumba kwenye minada ya pembeni ya mji wa Singida. Alisimama juu ya meza, shati mkono huu, gauni mkono ule, akaita: "Haya njoo, njoo! Vua la kuazima vaa la kwako! Shemeji, usimtolee macho mwenzio, mnunulie!" Watu walikuja kumsikiliza hata waliokuwa hawana cha kununulia. Akinadi upande wa nguo, wauza mbuzi upande wa pili walikuwa wanajibu.

Ugonjwa ukamkamata kooni, hapo hapo penye riziki yake. Hospitali ya mbali waliondoa kilichooza, na sauti ikaondoka nacho. Wakamtoboa tundu shingoni la kupumulia. Akarudi nyumbani akiwa hai na akiwa bubu. Mikono ilikuwa inavimba na kutetemeka, kalamu ikamshinda. Simu ya nyumbani ilikuwa kitochi, na vitufe vyake alikuwa akibonyeza vitatu kwa mpigo. Akitaka kitu alipiga kijiko kwenye bakuli, na watu wakakisia. "Maji? Siyo maji. Shuka? Siyo shuka. Unaumwa?" Mara nyingine alichoka kukisiwa akageukia ukutani.

Ndipo kila mmoja akatoa alichokuwa nacho.

Melki aliiona kompyuta kwenye yadi ya vyuma chakavu, chini ya mabati, imetupwa na ofisi moja iliyofungwa. Mwenye yadi alikuwa anataka kuivunja atoe shaba. Melki alikuwa amemsikia Yeremia akisema kwamba kompyuta ukiiandikia inaweza kukusomea kwa sauti. Akasimama juu ya lile boksi mpaka mwenye yadi akaudhika. "Kama unaitaka sana, niachie hiyo baiskeli." Baiskeli ile ndiyo iliyokuwa inambebea mkaa wa kuuza. Melki aliiegesha pale pale, akajitwika boksi kichwani na kioo chake kwapani, akarudi kwa miguu. Mkewe aliona amerudi bila baiskeli. Alikaa chini tu.

Yeremia aliifungua kompyuta, akaipuliza vumbi, akabadilisha kilichoungua kwa vipande alivyovitoa kwenye mashine zake mwenyewe za kibandani, hata ile aliyokuwa akiitegemea kwa kazi zake. Akaweka Linux, mfumo wa bure ambao haudharau mashine ya zamani. Akaweka na programu ya kusema. Bado kompyuta iligoma. Maana Linux ina tabia yake: kompyuta moja inaweza kuwa na sura mbili au tatu, na kila sura ina madirisha yake na vitufe vyake, ukachagua ya kuingilia. Sura iliyokuja na mfumo ilikuwa ya fahari, imejaa mapambo, na kwa mashine ile ilikuwa mzigo. Ikifunguka, kila kitu kinaganda, na programu ya kusema inakwama kabla ya neno la kwanza. Kwa hiyo Yeremia akaongeza sura nyingine, nyepesi, haina urembo. Akaingia nayo, akamwita mama, akamwekea vidole juu ya vitufe.

Mama aliandika polepole. Wote watatu walisimama nyuma yake. Kisha sauti ikatoka kwenye spika, sauti kavu ya kiume inayokata maneno kama mgeni anayejifunza Kiswahili:

"Uji wenu una sukari nyingi."

Walicheka mpaka wakalia. Miezi yote ile walikuwa wakimwongezea sukari wakidhani wanampendeza.

Mama akaandika tena. Sauti ile ile, bila kupanda wala kushuka, ikasema: "Msinirudishe hospitali. Nimechoka." Melki akatoka nje akaenda kukaa nyuma ya choo, na hakurudi mpaka chakula kilipopoa.

Lakini balaa lilikuwa bado. Umeme wa mtaa ule unakatika unavyotaka. Ukikatika, kompyuta inazima. Ukirudi, inajiwasha yenyewe, maana Yeremia aliipanga hivyo. Tena aliipanga ifunguke bila nywila, kwa kumhurumia mama vidole. Hapo ndipo alipokosea bila kujua. Mahali pa kuchagulia sura ni pale pale pa kuandikia nywila, na kompyuta isiyodai nywila haisimami pale. Inapita moja kwa moja, inaingia na sura iliyoandikiwa tangu mwanzo, ile nzito. Inaganda. Mama anabaki anabonyeza vitufe visivyojibu, bubu kwa mara ya pili.

Kila ilipotokea hivyo, Yeremia alilazimika kufunga kibanda na kuja mbio kuitoa kompyuta nje ya ile sura na kuiingiza kwa ile nyepesi. Akawa anapita kila mchana hata bila kuitwa.

"Kwa nini usiifute hiyo nzito?" Pelagia alimwuliza.

"Programu ya kusema niliiweka pamoja nayo. Nikiivuta hii naogopa itatoka na ile. Mashine za bure ndivyo zilivyo, Pela, lazima uzibembeleze."

"Sasa wewe usipokuwepo?"

"Atasubiri."

Neno hilo, atasubiri, Pelagia alilala nalo. Siku iliyofuata alimwona mama amekaa mbele ya kioo kilichoganda, mikono juu ya vitufe, hata kijiko hapigi tena, anasubiri mtu apite ampe ruhusa ya kusema. Akamfuata Yeremia kibandani akamwomba nywila ya kubadilishia mipangilio.

"Ukiharibu, mimi simo," Yeremia alisema.

"Nikiharibu nitasema mwenyewe."

Ndani ya kompyuta mlikuwa na kurasa za maelezo, zote za Kiingereza. Pelagia alisoma kwa Kiingereza cha kidato cha pili, neno moja moja, kama mtu anayechambua mchele gizani. Alipodhani ameelewa, akafungua faili ya mipangilio na kuandika jina la sura nyepesi. Aliliandika mahali siyo. Kompyuta ilipowaka tena haikuwa na sura yoyote, kioo cheusi na maandishi meupe tu. Mama alikaa siku nzima hana neno. Melki aliporudi alimwinulia mkono. "Mimi nimetoa baiskeli, wewe unatoa nini? Unatoa ujuaji!" Mama alipiga bakuli kwa kijiko kwa nguvu mpaka likapasuka, na Melki akaushusha mkono.

Pelagia hakulala vizuri, lakini alirudi kwenye zile kurasa. Safari hii aliona kosa lake. Aliondoa alichoandika mwanzo, akatafuta mstari unaoiambia kompyuta iingie na sura ipi pale inapojifungua yenyewe, akaondoa jina la ile nzito, akaweka la ile nyepesi. Akazima umeme ukutani kwa makusudi. Akauwasha. Kompyuta ikaguna, ikajiwasha, ikaingia moja kwa moja kwenye sura nyepesi, na kile kidirisha cha kuandikia kikafunguka mbele ya mama bila mkono wa mtu.

Mama alikitazama muda mrefu. Kisha akaandika, na sauti kavu ikasema: "Tokeni. Nataka kuongea peke yangu."

Wakatoka. Walimsikia kupitia mlango. Alikuwa ananadi. "Haya njoo, njoo. Vua la kuazima, vaa la kwako." Mashine ilikuwa inasema kama inayosoma orodha ya wafu, lakini maneno yalikuwa ya mama, na Pelagia alikaa kwenye kizingiti akajifunika uso kwa kanga.

Tangu siku ile Yeremia hakulazimika tena kupita mchana. Melki alikwenda kubeba mizigo mbali zaidi, maana bila baiskeli ilibidi atafute kazi ya mgongo. Na Pelagia, ambaye hakuwahi kumwacha mama ila kwa dakika chache, siku moja mama akamwandikia: "Nenda shuleni ukaulize mtihani wa watu wa nje, wasio wanafunzi, unaandikishwaje. Mimi nina sauti, nikitaka mtu nitaita." Pelagia akakataa. Sauti ikarudia: "Nenda." Mama alibonyeza tena na tena kitufe cha kurudia neno. "Nenda. Nenda. Nenda." Pelagia akacheka, akavaa viatu, akaenda.

Yaliyotokea nyuma yake yalijulikana kwa Mama Tausi, jirani wa ukuta kwa ukuta. Umeme ulikatika, ukarudi. Baada ya kurudi, Mama Tausi alisikia ile sauti ya kiume ikiita, imefunguliwa mpaka mwisho: "Mama Tausi njoo. Mama Tausi njoo." Aliingia akamkuta Yustina midomo imegeuka rangi, tundu la shingoni limeziba. Alijaribu kulisafisha kama alivyowahi kuona Pelagia akifanya. Pumzi ikaja kidogo. Akapiga kelele mtaani watu watafute usafiri. Yustina akamshika mkono, akauachia, akarudisha vidole vyake kwenye vitufe. Akaandika ule usia wa kompyuta. Mashine ikausema. Akaanza kuandika kingine, lakini hakufika mahali pa kubonyeza, na usafiri ulipopatikana hapakuwa tena na wa kusafirishwa.

Pelagia alirudi na karatasi ya maelekezo ya mtihani mkononi, akakuta viatu vingi mlangoni.

Ndiyo maana leo, siku ya kuanua matanga, waya imenyooka kati ya ndugu wawili, na Yeremia amesimama pembeni akisubiri wachoke naye aseme lake. Aliyewatenganisha ni Mjomba Mghenyi, kaka wa marehemu, ambaye kwa desturi yao ndiye anayegawa. Alikaa juu ya kitanda kisicho na godoro akasema, "Kaeni chini. Mmoja mmoja. Mkubwa aanze."

"Mjomba, mimi maneno sina," alisema Melki. "Hii kitu ingekuwa imeshavunjwa, shaba yake iko mbali. Nisingeiona, hawa wangetengeneza nini, hewa? Niliacha baiskeli nikijua wanangu watalala njaa, na wamelala. Mwenye yadi amesema nikiirudisha ananipa baiskeli yangu, bado imening'inia pale. Mama alikuwa anajua nilitoa nini."

"Ataivunja, Mjomba!" Pelagia alisema. "Ile ile iliyomsemesha mama, ataivunja kwa nyundo!"

"Umeambiwa mmoja mmoja. Yeremia."

"Mjomba, Melki alileta bati," alisema Yeremia. "Bati halisemi. Mimi ndiye niliyeitia sauti, na vipande vilivyomo ndani nilivitoa kwenye mashine yangu. Sasa kibandani nakaa na bisibisi tu, wateja wanakwenda kwa mwingine. Mama alisema aliyenirudishia sauti. Siku aliyosema neno la kwanza, mkono wa nani ulikuwa juu ya mkono wake? Kweli, yeye hakunizaa. Lakini hakuniita mtoto wa dada hata siku moja. Msianze leo."

Mjomba Mghenyi alijifuta uso. "Pela."

Pelagia alitaka kusimama akashindwa, akasema akiwa amekaa. "Mjomba, wao walimpa sauti, lakini walikuwa wanaishika wao. Mama alikuwa anaongea pale Yeremia anapopita. Asipopita, anasubiri. Hiyo siyo sauti yake, hiyo ni ya kuazima. Mimi niliiweka ifunguke yenyewe, ikawa yake. Kama nisingefanya vile, siku ile umeme uliporudi kompyuta ingeganda, na Mama Tausi asingeitwa. Hata huu usia tunaougombania usingekuwepo. Na mimi shule niliacha kwa ajili yake. Huu mtihani nitausomea wapi? Vitabu sina. Ndani ya hii kompyuta vinaweza kuwekwa, nikasoma. Sina mlango mwingine, Mjomba."

Yeremia akasema taratibu, bila ukali, na hiyo ndiyo iliyouma zaidi: "Ungeiacha ilivyokuwa, Pela, mchana ule ningepita. Nilikuwa napita kila mchana. Ningemkuta anahangaika."

"Na mimi ningekuwa na baiskeli ya kumkimbiza," Melki alisema akitazama chini, "kama nisingeitoa."

"Na mimi nisingeondoka," Pelagia alisema, "kama asingekuwa na sauti ya kuniambia nenda. Na hiyo sauti ulimwekea wewe, Yeremia."

Melki alikuwa ameshaiachia waya bila kujua. Kompyuta ilikaa sakafuni katikati yao, kioo kimegeukia ukuta. Mama Tausi aliulizwa kama marehemu alimtazama mtu fulani, au picha fulani, wakati anaandika. Alitikisa kichwa. Alikuwa anatazama vitufe tu, alisema, kama mtu anayetafuta kitu kidogo kilichoanguka.

Mjomba Mghenyi aliinuka. Alilizunguka lile boksi, akainama kama anayetaka kuligusa, asiliguse. Akaenda mpaka mlangoni. Nje, waliolala msibani walikuwa mikekani, wameacha kula, maana ukuta wa nyumba ile haufichi kitu. Akashika mwimo wa mlango, akawaambia:

"Ndugu zangu, mmesikia wenyewe. Bila Melki kusingekuwa na mashine. Bila Yeremia mashine isingekuwa na sauti. Bila Pelagia sauti isingekuwa ya dada yangu. Na kila mmoja, kwa jema lake hilo hilo, anajiona amesaidia kuchimba kaburi. Nikimpa mmoja, nimewaambia wawili kwamba walichotoa si kitu. Kuikata siwezi. Dada yangu ameniachia neno, hakuniachia jina, na mimi ni mtu mzima nimeshindwa. Je, ninyi mliokaa na sisi kwenye msiba huu, mngempa nani?"